Mashavu ya Kulwa

Doto mwanangu,

Sikuulizi hali, maana najua uliko. Uko kwa bibi yako, nyumba ya tatu kutoka hapa, unaaga, na bibi yako hamwachii mtu mpaka ale ugali na mlenda na asikilize habari za kila ng'ombe aliyezaliwa tangu uondoke. Nina saa mbili, pengine tatu. Nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea na ninaandika nyuma ya chati za kliniki zilizobaki, kwa kuwa karatasi hazipatikani. Ukizigeuza utakuta mistari ya uzito ambayo haikupata mtoto.

Sitakuandikia habari za sanduku, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume wa Dar es Salaam. Umekwenda na kurudi mara nyingi, hayo unayajua kuliko mimi niliyeishia Tabora. Lakini safari hii ni nyingine, na sote wawili tumejifanya hatujui. Unakwenda kurudia mtihani mmoja. Ukifaulu, utapangiwa kazi huko mbali na hapa patakuwa mahali pa kuja kusalimia. Ukianguka tena, chuo cha udaktari kimekwisha kukuambia watafanya nini. Na mimi najua kwa nini ulianguka. Nadhani walimu wako hawajui.

Jumapili, tulipokuwa tunamenya karanga, ulinipa daftari lako nikuulize maswali. Nilifurahi mno, nikajiona mwalimu mkuu. Dawa za malaria ulizijibu bila kuacha kumenya. Dawa za moyo, ukajibu. Kisha nikafunua ukurasa, nikakuta kichwa cha habari kwa wino mwekundu: Dawa za kupunguza kinga ya mwili. Chini yake hapakuwa na kitu, na ukurasa uliofuata nao ulikuwa mweupe. Ukasema, "Huo tuuruke, Mama." Ukainuka, ukasema unakwenda kuteka maji, wakati mtungi ulikuwa umejaa hadi shingoni. Nilikuona ukilipapasa lile kovu la kwenye paji lako.

Ndilo swali uliloliacha tupu kwenye mtihani, sivyo? Ulimwambia mdogo wako Shija kwamba kalamu ilikataa. Shija hawezi kuweka siri hata ya sukari, akaniambia.

Kovu hilo ni la tetekuwanga, unalo tangu una miaka saba. Sasa nataka tumzungumzie pacha wako, Kulwa. Tangu tumzike hatujakaa wawili tukamtaja. Watu wananiita Mama Kulwa kila siku ya Mungu, naitika, naendelea na kazi, na jina lake linapita katikati yetu mimi na wewe kama mtu anayekatiza uani bila kubisha hodi. Huwa namwota. Katika ndoto pamba imejaa chumbani mpaka juu, nyeupe, na yeye yuko juu yake karibu na dirisha, mashavu yamemjaa, anacheka na kuniita nipande. Kila mara naanza kupanda na kila mara pamba inabonyea. Sijawahi kumfikia. Siiogopi tena ndoto hiyo, nimeizoea, na siku nyingine nalala mapema ili niikute.

Mwaka ule mlikuwa darasa la kwanza. Kulwa akaanza kuamka macho yamevimba. Bibi yako akasema amelala vibaya. Baadaye miguu ikavimba, tumbo likajaa maji, kaptula haifungi. Nikaupeleka mkojo wake zahanatini kwangu kazini, nikauchemsha kwenye kijichupa juu ya moto wa spiriti kama tulivyofundishwa, ukaganda wote mweupe kama ute wa yai. Figo zake zilikuwa zinamwaga protini nje. Baba yenu alikuwa machimboni Nyarugusu, anafukuza dhahabu iliyokuwa ikimkimbia kila alikochimba. Nikampeleka Kulwa peke yangu hospitali ya misheni, juu ya roli la pamba. Wewe nilikuacha unajigaragaza njiani, unalia kwamba pacha hawaachani.

Daktari wa pale alikuwa mzee mpole, akiongea polepole mpaka ukadhani atasinzia kabla ya kumaliza sentensi. Akaandika prednisoloni. Akaniambia, "Mama Kulwa, wewe ni mwenzangu, kwa hiyo sikufichi. Kinga ya mwili wa huyu mtoto imekosea njia, inazisumbua figo zake mwenyewe. Kidonge hiki kitaituliza. Ila ikitulia, imetulia kwa kila kitu. Surua na tetekuwanga zisimkaribie. Ukisikia zipo hata kwa jirani, usingoje upele. Mlete."

Akayaandika hayo kwenye kadi na kuyapigia mstari. Nami nikamrudishia neno kwa neno, kwa sauti, maana nilipenda daktari aone kuwa nesi wa kijijini si mjinga.

Sasa nikuambie kilichonipofusha. Maji yalitoka, Kulwa akaanza kula. Alikula ugali wake, akala wako, akaomba ukoko. Mashavu yakajaa, uso ukawa mviringo, shingo ikanenepa. Na hapa kwetu, Doto, mtoto mnene ni mtoto mzima, hakuna anayeuliza zaidi. Watu walikuwa wanasimama njiani kumtazama. Mama mmoja akaniuliza, "Mama Kulwa, huyu kanona hivi, unampa nini?" Nikacheka, nikasema ni maziwa ya bibi yake. Wewe ulikuwa fito tupu pembeni yake. Mtu angeambiwa mmoja wenu ni mgonjwa, angekuonyesha wewe kwa kidole. Nami mwenye sare nyeupe na cheti ukutani niliyatazama mashavu yale kila asubuhi, nikayaamini. Kumbe yale hayakuwa afya. Ni kidonge kilekile kilichokuwa kinahamisha mafuta na kuyajaza usoni na mabegani, na kumtia mtoto njaa.

Mwezi wa saba, pamba imevunwa, imejaa chumbani, ukarudi kutoka shule na vipele vitatu shingoni.

Desturi yetu unaijua. Mmoja akipata tetekuwanga, ndugu zake wanalazwa naye, waumwe wote kwa pamoja, wamalize, kwa sababu ukubwani inatesa zaidi. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo akina mama wengi pale kwenye benchi la zahanati. Tena ninyi mlikuwa pacha. Bibi yako akasema pacha hawatenganishwi, si kwa chakula, si kwa nguo, si kwa ugonjwa. Hakuwa na ubaya wowote, usimchukie. Hakuna aliyemsomea ile kadi.

Na sasa ninafika pale ambapo kalamu yangu nayo inataka kukataa. Wewe unakumbuka kwamba uliyaleta maradhi nyumbani. Kuna kitu hukumbuki, kwa sababu homa ilikuwa imekupanda. Jioni ile ulichukua mkeka wako mwenyewe, ukauburuta hadi chumba cha bibi yako, ukalala nyuma ya mtungi. Nilipokukuta ukaniambia, "Nawashwa, Mama. Nitampa Kulwa." Uliyasema hayo, Doto, ukiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyekubeba. Nilikubeba mikononi, ukinipiga teke, nikakulaza juu ya pamba ubavuni mwake, nikawafunika kwa khanga moja. Nikasema, muumwe mmalize.

Hata hapo palikuwa na nafasi. Ugonjwa huu hujificha siku kumi na nne hivi kabla haujaonekana kwa mwingine, na siku zote hizo kadi ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa kazi. Siku ya nne niliikumbuka. Nilikuwa nasukuma baiskeli kwenye njia ya Samuye, nikasimama kabisa. Nikasema nitampeleka Jumatatu. Jumatatu ikawa siku ya chanjo. Nikasema, basi, Jumatatu ijayo. Nikirudi nyumbani namkuta anakimbiza mbuzi, mashavu hayo, hana joto, na moyo wangu unalala tena.

Alianza kwa maumivu ya tumbo, kabla ya kipele hata kimoja. Nikampa dawa ya minyoo. Upele ulipotoka ulikuwa na damu ndani, na kupumua kwake kukawa kwa haraka, kifupi kifupi. Roli likatufikisha misheni mchana. Yule daktari aliitazama ile kadi, akanirudishia. Kulwa alikaa wodini siku mbili. Aliniuliza kama umepona. Nikamwambia umepona. Akasema basi uje umwone ana madoa mengi kuliko yako, amekushinda.

Msibani shangazi yako akasema mbele ya watu, "Huyu mdogo ndiye aliyeyaleta, kayatoa shuleni." Ulikuwa umesimama nyuma ya kihenge, nikakuona. Usiku uliofuata ukaniuliza, "Mama, ni mimi niliyempa?" Nikakuambia, "Lala." Neno hilo moja tu. Ningeweza kukuambia ukweli pale pale, na sikukuambia, kwa sababu ule ukweli ulikuwa na jina langu. Nilimwogopa baba yako. Niliogopa kijiji: nani angeleta mtoto wake kwa nesi aliyeambiwa akasahau? Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa kila siku, mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaficha, nikajificha nyuma ya mtoto wa miaka saba. Hilo ndilo kosa langu, Doto. Lile la kwanza lilikuwa usahaulifu na kiburi, na Mungu anawajua wasahaulifu. La pili nililifanya kwa makusudi, kila siku, miaka kumi na tano. Nisamehe. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule daktari, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akavuta kiti, akasema, "Basi angalau ujue kidonge kilikuwa kinafanya nini," na akanifundisha mpaka jua likashuka. Nimeyabeba tangu siku hiyo, na nimeongeza niliyoyaokota kwenye vitabu vyako ukilala. Nakuandikia kwa maneno yangu. Wewe uyavalishe ya chuo.

Unajua babu yako alivyokuwa akinunua ng'ombe mnadani. Hamchanganyi na kundi siku hiyo hiyo, maana kundi linamjua mgeni kwa harufu na litampiga pembe. Anamfunga pembeni, anampaka samadi ya zizi mpaka anuke kama wenyeji. Kinga yetu ndivyo ilivyo. Kazi yake yote ni kujua nani wa hapa na nani mgeni. Kwa Kulwa kundi lilikosea, likapiga pembe wa kwake. Kwa mtu aliyepewa figo ya mwingine kundi halijakosea, ni kweli mgeni amekuja. Sasa dawa hizi hazimpaki mgeni samadi. Zinalisinziza kundi. Na kundi lililosinzia halimpigi mgeni pembe, wala halishtuki fisi akiingia zizini. Mwanangu, ukiielewa sentensi hiyo, nusu ya ukurasa wako mweupe imejaa.

Prednisoloni inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, wanakwenda wote wawili hadi kwenye kiini, na huko inaiambia seli ipunguze kutengeneza zile kemikali za kuitana. Limfosaiti, zile chembe nyeupe za ulinzi, hazisikii mwito, hazizaani, nyingi zinaondoka kwenye damu na kwenda kujibanza. Lakini angalia mtego, na mtahini anaupenda. Ukipima damu, hesabu ya chembe nyeupe kwa jumla inaweza kupanda. Utadhani mwili umejiandaa vita. Ni zile nyingine, nyutrofili, zimebaki zinazurura kwenye damu kwa kuwa haziwezi kutoka kwenda penye ugonjwa. Ni mashavu ya Kulwa hayo hayo, wingi usiokuwa nguvu. Na homa inafichwa. Mgonjwa wa dawa hii asipokuwa na joto, usifurahi upesi kama mimi. Wala usikikatishe kidonge ghafla kwa aliyekitumia wiki nyingi, maana tezi zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza homoni zao za aina hiyo, zikizinduliwa kwa kishindo zinashindwa, na mtu anaanguka. Punguza kidogo kidogo.

Azathioprini ni tofali bovu. Seli inayotaka kugawanyika lazima ijenge DNA mpya, na dawa hii inajifanya mojawapo ya matofali ya kujengea. Inapokelewa, ujenzi unasimama. Limfosaiti zilizoitwa vitani ndizo zinazogawanyika kwa kasi, kwa hiyo zinaumia kwanza. Ila uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, nao unajenga usiku na mchana, unaumia pia. Ndiyo maana damu ipimwe mara kwa mara. Na mgonjwa anayekunywa alopurinoli kwa ajili ya jongo, umwogope, kwani ile inazuia azathioprini isivunjwe, ikajaa mwilini.

Ile mpya, saiklosporini, wewe ndiye uliyenisimulia, kwamba ilitoka kwenye kuvu wa udongoni. Nilikaa naifikiria wiki nzima, dawa iliyokuwa imelala kwenye udongo huku sisi tunakanyaga juu. Hiyo haigusi uboho sana. Inamziba mdomo msaidizi, ile seli T inayopiga yowe kuziita nyingine. Yowe lisipopigwa, hakuna anayekuja. Lakini inaweza kuziumiza figo, zile zile ulizotaka kuziokoa, kwa hiyo zipimwe.

Basi, ndiyo hayo. Umeona hakuna mahali palipoandikwa jina lako.

Jana nilimwambia baba yako. Alikuwa anasuka kamba ya ndama, hakuinua kichwa. Nikasema yote, mkeka, khanga, kadi. Akapitisha uzi mwingine, akasema, "Mama Kulwa, kadi niliiona mwaka ule ule, kwenye mkoba wako. Nilikuwa nangoja uniambie." Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema, "Ungekataa. Halafu tungekuwa na vitu viwili, msiba na uongo." Nimeishi na mtu huyu miaka yote na nilidhani namjua. Akamaliza fundo lake, akasema, "Sasa mwambie mtoto kabla ya treni."

Nimechukua daftari lako. Nimeibandika kadi ya Kulwa kwenye ule ukurasa mweupe, kwa gundi ya unga wa muhogo, haijakauka vizuri, kwa hiyo ulifunue taratibu. Mstari aliouweka daktari bado unasomeka. Chini yake nimeandika swali moja ambalo halimo kwenye kitabu chako chochote, nimevipekua vyote. Kabla hujamwandikia mtoto dawa hizi, muulize mama yake: mtoto huyu analala na nani? Halafu ungoje jibu, na akikujibu upesi mno, muulize tena.

Nasikia mbwa wa bibi yako wanabweka, bila shaka unakuja na unasindikizwa. Barua naitia ndani ya daftari. Hutaisoma mbele yangu, nakuomba, isome treni ikishavuka Isaka, nikiwa mbali na uso wako. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, unayo haki, na nitakuwepo hapa hapa ukirudi.

Na siku ile kalamu ikisita tena, mkumbuke yule mtoto aliyeburuta mkeka wake akaenda kulala nyuma ya mtungi ili asimwambukize nduguye. Nyumba nzima ilikuwa na nesi mmoja mwenye cheti na kadi ya daktari, na aliyejua la kufanya alikuwa yeye. Huyo ndiye nimpelekaye stesheni kesho.

Wabeja, ng'wana wane. Asante, mwanangu.

Mimi mama yenu,
Mama Kulwa na Doto